Muda Huongezwa, Ustadi Hauongezwi

Sisi tuishio visiwani tunajua maana ya kutegemea chombo. Mtu wa bara akikosa gari hupanda baiskeli, na akikosa baiskeli hufunga safari kwa miguu. Mtu wa kisiwani akikosa chombo hukaa ufukweni akatazama ng'ambo. Kwa sababu hiyo wazee wetu walijizoeza kumwamini nahodha, na sisi wa zama hizi tumejizoeza kumwamini rubani. Tunamkabidhi roho zetu, wagonjwa wetu na watoto wetu waendao masomoni, kisha tunafunga mkanda na kutazama nje ya dirisha. Imani hiyo ni amana, na kila amana ina masharti yake. Leo tunapenda kulizungumzia sharti moja ambalo abiria halioni, nalo ni la rubani kubaki na sifa zake wakati Serikali inapolazimika kuongeza muda wa vyeti.

Katikati ya mwaka 2020, wakati maradhi ya Korona yalipokuwa yamefunga milango ya dunia, tulikuwa Pemba kwa shughuli za kikazi, na tukatakiwa tufike Unguja kabla ya jua kuchwa. Tulipofika kiwanjani tulikuta ndege ndogo ipo, mafuta yapo, mbingu ni nyeupe, na rubani amesimama kando ya bawa. Lakini safari haikuwapo. Kijana yule alitusogelea kwa adabu zote akasema: "Shikamooni wazee wangu. Naomba mniwie radhi, leo sitaweza kuwachukua." Tulipomwuliza sababu, akatueleza kwamba watalii walipokoma kuja alipumzishwa kazi, na tangu mwezi wa Machi hakuwa amepaa wala kutua. Leseni anayo na muda wake haujaisha, lakini siku zimezidi 90, na hana ruhusa ya kupakia abiria mpaka kwanza arushe ndege pamoja na mkufunzi wake, ambaye angefika siku ya pili yake.

Hatuna haja ya kuficha yaliyofuata. Tulikasirika. Tulitaja vyeo vyetu, tukataja umuhimu wa kikao, na mmoja wetu akatoa simu ili awapigie wakubwa wa kijana yule. Yeye alisimama pale pale mikono nyuma, akarudia maneno yale yale kwa sauti ile ile. Usiku ule tulilala Chake Chake, na kikao kikafanyika bila ya sisi.

Asubuhi mkufunzi alifika, nasi tukakaa kivulini tukitazama. Ndege ilipaa, ikazunguka, ikarudi. Mara ya kwanza ilitua kwa kishindo, ikaruka kidogo, ndipo ikatulia. Mara ya pili ilikuwa bora. Mara ya tatu magurudumu yaligusa ardhi pasi na sisi kutambua wakati gani yaligusa. Hakuna aliyesema neno miongoni mwetu, lakini kila mmoja alijua kwamba kama tungeshinda katika ubishi wa jana, basi kile kishindo cha kwanza tungekuwa ndani yake, na kufika kwetu tungekujua Mwenyezi Mungu peke yake.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukifuatilia jambo hili, na tumeona si vyema elimu hiyo ikabaki kwetu peke yetu.

Wengi wetu hudhani kwamba leseni ya rubani ni kama cheti cha ndoa, kwamba ukishakipata kimekwisha. Sivyo. Leseni ni msingi tu, na juu ya msingi huo zimesimama nguzo tatu ambazo hazina budi kutazamwa kila mara. Nguzo ya kwanza ni afya. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), rubani wa ndege za biashara hupimwa na daktari aliyeidhinishwa kila baada ya miezi 12. Na akiwa anarusha abiria peke yake bila ya msaidizi, basi akishapita umri wa miaka 40 hupimwa kila miezi 6. Nguzo ya pili ni mtihani. Rubani wa shirika la ndege hutahiniwa mara mbili kwa mwaka, na viwango hivyo hivyo vinakataza kuibana mitihani miwili inayofanana ndani ya miezi 4 na kuhesabu kwamba mwaka umetimia, maana lengo si kuhesabu mitihani, bali ni kutomwacha mtu muda mrefu bila ya jicho la mwalimu. Nguzo ya tatu ni mazoezi, na hapa ndipo penye zile siku 90: asiyepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku hizo hastahili kushika usukani wa ndege yenye abiria mpaka kwanza arejee mazoezini.

Ilipofika Machi 2020, nguzo zote tatu zilitikisika kwa pamoja. Madaktari waliokuwa wakipima marubani waliitwa kuhudumia wagonjwa, au walifunga zahanati zao kwa kuogopa maambukizo. Mtahini, ambaye kazi yake ni kukaa bega kwa bega na rubani katika chumba kisichozidi ukubwa wa kabati, aliambiwa asimkaribie mtu. Na zile mashine za mafunzo zinazoigiza chumba cha rubani, ambazo hugharimu fedha nyingi na hazipo kila nchi, zikawa hazifikiki. Rubani wa nchi zetu aliyezoea kwenda Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg kwa ajili ya mtihani wake alikuta mipaka imefungwa. Kenya ilisimamisha safari za abiria wa nje mwezi Machi na haikuzirejesha mpaka tarehe 1 Agosti. Tanzania nayo ilizisimamisha mwezi Aprili na kuzifungua tena tarehe 18 Mei. Kwa hiyo hata rubani mwenye bidii, mwenye afya na mwenye nia njema, alijikuta vyeti vyake vinaelekea kufa mikononi mwake pasi na kosa lake.

Hapo watawala wa usafiri wa anga duniani kote walisimama kwenye njia panda. Njia moja ilikuwa ni kusema sheria ni sheria, na kila ambaye cheti chake kimekwisha akae chini. Wangefanya hivyo, katika muda wa miezi michache ndege za mizigo zingekosa warushaji wakati ule ule dawa na vifaa vya hospitali vilipokuwa vikihitajiwa kuliko wakati mwingine wowote. Njia ya pili ilikuwa ni kusema kwamba huu ni wakati wa dharura, basi kila mtu arushe tu, mengine tutayatazama mbele ya safari. Hiyo ingekuwa ni kuondoa maradhi kwa kuleta mauti mengine.

Nchi nyingi hazikufuata njia yoyote katika hizo mbili. Walitafuta ya tatu, nayo ndiyo tunayotaka viongozi wetu waitazame kwa makini, kwa kuwa mafunzo yake hayaishii katika ndege.

Tuchukue mfano wa Marekani, nchi yenye marubani wengi kuliko nyingine nyingi. Mwishoni mwa Aprili 2020 mamlaka ya shirikisho inayosimamia usafiri wa anga wa nchi hiyo ilitoa kanuni maalumu ya muda, ambayo katika mpangilio wao ilipewa namba 118, na mwaka huo huo ikarekebishwa mara mbili kadiri hali ilivyobadilika. Kanuni hiyo haikusema kwamba vyeti vyote vimeongezewa muda. Ilikwenda kifungu kwa kifungu, kama mtu anayefungua vyumba vya nyumba moja baada ya kingine, na kwa kila kimoja ikaeleza nani anaingia, kwa sharti gani, na mpaka lini.

Kwa desturi, rubani wa Marekani hupitiwa upya na mkufunzi kila baada ya miezi 24, saa moja darasani na saa moja angani kwa uchache. Kanuni ya muda ilisema kwamba yule ambaye zamu yake iliangukia kati ya Machi na Juni 2020 aongezewe miezi 3. Lakini ilimtaka awe alikuwa na sifa kamili ilipoanza dharura. Iwapo cheti chake kilikuwa kimekwisha kabla ya hapo, nafuu hiyo haikumhusu. Ilimtaka pia awe amerusha ndege kama msimamizi kwa saa zisizopungua 10 katika miezi 12 iliyotangulia. Tena ilimtaka asome na kufaulu masomo ya usalama yaliyotolewa na mamlaka, ambayo aliweza kuyasoma akiwa nyumbani kwake bila ya kukutana na mtu. Na kwa rubani wa binafsi, nafuu ikafungamanishwa na safari zenye haja, kama za kazi, za matibabu ya jamaa na za kuchukua mahitaji muhimu, matembezi hayakuwamo.

Vivyo hivyo kwa wale warukao mawinguni kwa kutegemea vyombo bila ya kuona ardhi. Desturi yao ni kwamba katika miezi 6 wawe wamefanya maingilio 6 ya kutua kwa vyombo. Kanuni ya muda iliwapa miezi 9 badala ya 6, ila ikawataka katika miezi 6 ya karibuni wawe wamefanya angalau maingilio 3. Tazameni hekima iliyomo humo: walipunguza mzigo, lakini hawakuutua wote.

Kuna mambo mawili ambayo hayakuguswa kabisa, nayo yanafundisha kuliko yale yaliyoguswa. La kwanza ni lile sharti la siku 90 kwa rubani wa kawaida apakiaye abiria. Hilo liliachwa vile vile lilivyo, kwa kuwa halihitaji daktari, mtahini, wala mashine ya kigeni. Linahitaji ndege na nusu saa ya mazoezi, na mtu huweza kulitimiza akiwa peke yake. La pili ni wajibu wa rubani juu ya nafsi yake. Muda wa cheti cha afya uliongezwa, lakini sheria iliyokuwapo tangu zamani, inayomkataza rubani kuruka anapojijua kuwa ni mgonjwa au anakunywa dawa zinazomdhoofisha, haikulegezwa hata kwa herufi moja. Kwa maneno mengine, Serikali yao ilisema: sisi tumeahirisha tarehe ya daktari kukutazama, lakini hatukuahirisha tarehe ya wewe kujitazama.

Katika uwanja wa kimataifa nako palikuwa na utaratibu. Mkataba wa usafiri wa anga uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944 unazitaka nchi wanachama kutambua leseni za nchi nyingine, iwapo leseni hizo zimetolewa kwa masharti yasiyopungua viwango vya chini vilivyokubaliwa. Sasa nchi ikilegeza masharti yake, nchi nyingine hailazimiki tena kumpokea rubani wake. Ili pasiwe na fujo, mwezi Aprili 2020 ICAO ilianzisha daftari maalumu ambamo kila nchi iliandika hadharani ni sharti gani imelilegeza kwa sababu ya maradhi, kwa muda gani, na kama inakubali kuwapokea waliolegezewa na wengine. Daftari hilo lilifikia kikomo tarehe 31 Machi 2021, na baada ya hapo ukaletwa utaratibu mwembamba zaidi wa misamaha michache yenye kulengwa. Mlango ulifunguliwa kwa tangazo, ukafungwa kwa tangazo.

Jambo hili linatugusa sisi moja kwa moja. Usafiri wa anga ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Leseni ya rubani atuchukuaye kati ya Unguja, Pemba, Mafia na Dar es Salaam husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na viwanja tunavyotua hapa Zanzibar viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Utalii unaotulisha hutegemea ndege za kigeni kutua kwetu kwa imani na marubani wetu kupokewa kwa heshima kwingineko. Imani hiyo ikipotea hairudi kwa siku moja. Pakistan ilionja jambo hilo. Mwezi Juni 2020 waziri wake wa usafiri wa anga alilieleza bunge kwamba kati ya marubani 860 waliokuwa kazini, leseni za 262 zilikuwa na mashaka. Haikupita wiki moja, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ikalisimamisha shirika la ndege la taifa hilo kuingia katika anga yake, na haikuondoa zuio hilo mpaka mwishoni mwa mwaka 2024. Hayo hayakuwa mambo ya muda ulioongezwa, yalikuwa mambo ya leseni zenyewe. Lakini yanatuonesha kwamba karatasi ikishatiliwa shaka, mwenye karatasi safi naye hupata taabu pamoja na mwenye chafu.

Wapo watakaotuuliza: ikiwa tarehe ziliongezwa na mbingu hazikuanguka, je, si dalili kwamba masharti hayo yalikuwa urasimu mtupu tangu mwanzo? Swali hili tumelisikia kwa watu wenye akili, na linastahili jibu la heshima.

Tuliosoma chuoni utotoni tunalijua jibu lake bila ya kwenda mbali. Mtoto huhifadhi juzuu yake, mwalimu akamsikiliza, akaridhika, na nyumbani wazee wakapika wali kwa furaha. Mtoto huyo akienda shamba msimu mzima bila ya kudurusu, siku anaporudi huketi mbele ya mwalimu akiwa na yakini kamili kwamba anajua. Huanza vizuri. Katikati hujikuta amehama kutoka aya moja hadi nyingine inayofanana nayo, na ubaya ni kwamba yeye mwenyewe hatambui kwamba amehama; huendelea kwa sauti ile ile ya kujiamini mpaka mwalimu amsimamishe. Hifadhi haitoki kwa kelele, hutoka kimya kimya. Na ustadi wa rubani ni wa namna hiyo hiyo. Hasahau namna ya kurusha ndege. Husahau mpangilio, husahau hatua moja kati ya nyingine mbili, mkono hukawia nukta moja kufika mahali ulipozoea kufika wenyewe. Angani hakuna mwalimu wa kumsimamisha.

Mwezi Septemba 2020 ndege moja kubwa ya Indonesia, iliyokuwa na abiria zaidi ya 300, ilitoka nje ya njia yake baada ya kutua katika kiwanja cha Medan. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Uchunguzi wa awali wa nchi hiyo ulionesha kwamba rubani mkuu alikuwa amerusha ndege kwa muda usiofika saa 3 katika siku 90 zilizotangulia, na msaidizi wake hakuwa ameruka tangu tarehe 1 Februari. Hatusemi kwamba hilo peke yake ndilo lililoitoa ndege njiani. Upepo, njia na mengineyo huwa na sehemu yao. Lakini ni nani kati yetu, lau angeyajua hayo kabla ya kupanda, asingeshika mlango kwanza akauliza? Nako Marekani, katika ule mfumo ambamo marubani huandika makosa yao wenyewe kwa siri ili wengine wajifunze, baadhi yao waliandika katika miezi ile kwamba walipitiwa na jambo la kawaida kwa sababu walikaa muda mrefu bila ya kuruka. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta huonekana vizuri machoni, ila ndani yake hamna kitu.

Basi jibu letu ni hili: mbingu hazikuanguka kwa sababu walioongeza muda hawakuongeza muda peke yake. Pale walipoondoa jiwe moja katika ukuta, walitia jingine mahali pake. Mtihani ulipoahirishwa, waliweka masomo. Daktari alipokosekana, walimwachia rubani wajibu wake. Na mwanzo hadi mwisho waliandika tarehe ya kurudi.

Kutokana na hayo tunapenda kuyaweka mbele ya ndugu zetu maofisa wa Serikali, wa anga, wa bahari na wa barabarani, maswali manne. Ofisa yeyote atakapoletewa barua ya kuomba muda uongezwe, ajiulize kabla ya kutia saini. Je, anayeombewa alikuwa na sifa kamili kabla ya dharura, au dharura imekuja kumfunika? Je, kilichomzuia kinatoka nje ya uwezo wake, au ni uzito wake mwenyewe na wa mwajiri wake kutoa fedha? Je, mahali pa sharti tunaloliondoa tunaweka nini? Na je, tarehe ya mwisho imeandikwa, na nani atakayeikumbuka ikifika? Barua isiyoweza kujibu maswali hayo manne si ya kutiwa saini, hata ikiletwa na mtu mkubwa kiasi gani.

Tunalisema hili kwa sababu sisi watu wa visiwani tuna makaburi yanayotukumbusha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu wakapotea. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, meli ya Skagit ikazama nayo karibu na Chumbe. Kila nyumba katika visiwa hivi ina jina la mtu aliyekuwamo au aliyeponea chupuchupu. Bahari haishi zinge, na anga vile vile. Tulijifunza kwa gharama isiyolipika kwamba ruhusa iliyotolewa ofisini haielei majini kwa kuwa tu imepigwa muhuri.

Kwa marubani wetu, wengi wao vijana, tuna neno moja. Mnapoacha kuruka kwa muda, kwa maradhi, kwa likizo, kwa uzazi au kwa biashara kulala, msione haya kusema. Kumwambia mkuu wa kazi kwamba mikono yangu imekawia, nipe mizunguko mitatu na mkufunzi, si kujivunjia heshima. Na enyi wenye makampuni, msimfanye rubani aogope kusema hivyo. Mafuta ya mizunguko mitatu ni gharama, tunakubali. Lakini tunaomba gharama hiyo ihesabiwe katika bei ya tiketi kama inavyohesabiwa bei ya matairi.

Neno la mwisho ni letu sisi abiria, na hasa sisi wenye vyeo. Kwetu kisiwani kila safari ina haraka yake. Kuna maiti inasubiri kuzikwa, kuna mgonjwa, kuna harusi, kuna kikao cha Serikali. Kwa sababu hiyo tumezoea kumsukuma mwenye chombo: tumsihi, tumshawishi, na ikibidi tumtishe. Kila tunapofanya hivyo tunamwomba mtu aikalie kimya shaka yake kwa ajili ya haraka yetu, na shaka ya mtaalamu ni sehemu ya vifaa vya usalama, kama ulivyo mkanda. Serikali huweza kuongeza muda wa cheti kwa kalamu, na wakati mwingine hapana budi ifanye hivyo. Sisi abiria hatuna kalamu hiyo, na tusijipe.

Yule kijana wa Pemba tulimwona tena miezi michache baadaye. Alitusalimia kwa adabu ile ile, kana kwamba hatukuwahi kumtolea maneno. Tulipofika Unguja na injini kuzimwa, tulimshika mkono tukamwomba radhi. Alicheka kidogo akasema: "Hapana neno, wazee wangu. Ilikuwa ni kazi tu." Nasi tukashuka, tukaenda zetu kikaoni, na safari hii tulifika kwa wakati.